Skimu ya Mlalo na matuta yaliyokataliwa

Kamusi za Kiingereza zinalipa neno "scheme" maana nyingi. Ni mpango. Ni mradi wa serikali. Ni hila anayofanyiwa mtu bila yeye kujua. Huko Uskoti ni hata mtaa wa nyumba za umma. Wagiriki, ambao neno hilo lilitoka kwao, walimaanisha umbo tu.

Mwaka 1946 Waingereza walilipandisha kwenye milima ya Usambara. Skimu ya Mlalo, kaskazini mwa Lushoto, ilikusudiwa kuokoa udongo uliokuwa ukisombwa na mvua. Huo ulikuwa wakati wa skimu Tanganyika nzima. Ile ya karanga, iliyoanza Kongwa mwaka 1947, ilikufa mwaka 1951 ikiwa imemeza takriban pauni milioni 36.

Skimu ya Mlalo haikuwa mchezo wa fedha. Ilikuwa mchezo wa jembe. Mkulima aliamriwa achimbe matuta ya kukata mteremko, kisha ayafunge kwa vituta vya kukingama ili maji yasimame na kuzama ardhini. Kwenye ramani ya bwana shamba jambo hilo lilikaa vizuri. Lakini shamba la Msambaa lina mahindi, maharage na migomba pamoja, na limeegemea mlima. Mvua za masika zikizidi, tuta lililofungwa mahali pa mwinuko mkali hujaa, hupasuka, na kuporomoka na udongo uleule lililowekwa kuulinda. Aliyekataa kuchimba alishtakiwa na kutozwa faini.

Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha utawala. Mwanahistoria Steven Feierman alikieleza katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990: mtawala ama anaizifya shi, yaani anaiponya nchi, ama anaibana shi, anaiharibu. Kwa kipimo hicho, chifu anayewatoza watu wake faini kwa ajili ya matuta ya mzungu alikuwa upande gani? Watu walijibu kwa kugoma. Chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, kilikuta hasira hiyo ikiwa tayari imeiva. Kwenye milima ya Uluguru nako matuta yalizua ghasia mwaka 1955. Kabla mwaka 1958 haujaisha, Usambara ilikuwa imeachana na matuta hayo.

Kwa maoni yangu, wakulima hawakukataa udongo utunzwe. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, ulihimiza kupanda majani ya Guatemala kwenye kontua. Majani hayo yanashika udongo, na pia ni chakula cha ng'ombe wa zizini. Hapo mkulima anaona faida yake.

Leo skimu ni Kiswahili cha kila siku. Chini ya milima hiyo, huko Mombo, skimu ni mashamba ya mpunga wa kumwagilia. Lakini waliochimba matuta ya Mlalo wakiwa vijana sasa ni wazee sana. Walimu na wanafunzi wa Lushoto, wafuateni mkawarekodi wangalipo.