Sanduku la Mvule na Treni Isiyokuwemo

Katika kibanda kimoja cha chai huko Bulumbi, wilaya ya Busia upande wa Uganda, mandazi huuzwa kutoka ndani ya sanduku ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya mandazi. Ni la mvule, na kwa ndani lina urefu wa sentimita 94, upana wa 24 na kimo cha 30. Mbele na pande mbili ni vioo. Kona zake zimeshikana kwa meno ya mbao yanayoingiliana, bila msumari hata mmoja. Ukiinua magazeti yanayofyonza mafuta utaona kwenye sakafu yake mifuo miwili myembamba, inayokwenda sambamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Aliyelitengeneza ni babu yangu mzaa baba. Alikuwa seremala aliyeajiriwa na reli, Tororo, na ndani ya sanduku hilo aliweka kichwa cha treni alichokichonga kwa mkono wake, kwa kipimo. Kichwa hicho hakipo tena. Mimi sikukiona, na hakuna picha yake.

Tulipotakiwa kuandika historia kutokana na kitu kimoja, nilikichagua hiki kwa uvivu, nikidhani kwamba cha nyumbani hakina kazi. Ningemuuliza shangazi, ningemuuliza baba mdogo, kisha ningeandika. Nilipomaliza kuwauliza nilikuwa na treni mbili tofauti na njia mbili za kupotea kwake.

Kwanza nieleze kwa nini fundi wa Bulumbi awe na hamu ya treni, maana reli haipiti Bulumbi. Reli iliyoitwa ya Uganda ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Kisumu wakati huo ilihesabiwa kuwa Uganda. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, jimbo lote la mashariki la Uganda likahamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na reli ya Uganda ikajikuta yote iko Kenya bila taruma hata moja kusogezwa. Mpaka ndio uliosogea. Wasamia wakabaki pande zote mbili, na mpaka leo kwetu si ajabu mtu kuwa na mjomba nchi moja na shamba nchi nyingine. Njia kuu ya kupitia Nakuru na Eldoret iliingia Tororo katika miaka ya 1920, ikatoa tawi la kwenda Mbale na Soroti lililofika Soroti mwaka 1929, na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda. Kijana wa Bulumbi aliyetaka mshahara alijua aelekee wapi.

Ardhi hii ina mchwa. Wahandisi wa reli walilijua hilo mapema, ndiyo maana mataruma mengi ya Reli ya Uganda yalikuwa ya chuma, si ya mbao. Seremala hana nafasi ya kuchagua chuma, anachagua mti. Mvule, ambao zamani ulikuwa mwingi mashariki mwa Uganda, una kiini cha rangi ya kahawia ambacho mchwa hakipendi. Sehemu nyeupe ya nje, iliyo karibu na gamba, huliwa kama mbao nyingine yoyote. Nimelikagua sanduku la babu kila upande. Hakuna ubao wa mbele wala wa sakafu wenye weupe huo. Aliuondoa wote, ingawa kufanya hivyo ni kupoteza mbao nyingi. Mgongoni tu, pasipoonekana, aliweka ubao laini mwepesi, na huo umebunguliwa hata unatoa unga ukiugonga.

Nieleze sasa treni mbili. Shangazi anasema lilikuwa ni lile dude kubwa lenye jina la mlima, na mlima wenyewe ni Elgon, ambao siku isiyo na mawingu unaonekana kutoka Tororo. Haoni sababu ya kujadili. "Mwanangu," aliniambia, "mimi ndiye niliyekuwa nikikipangusa vumbi. Wewe ulikuwa wapi?" Baba mdogo anasema hapana, lilikuwa la kawaida, lenye behewa la makaa au mafuta nyuma yake, na jina lake lilikuwa la kabila fulani ambalo amelisahau.

Wote wawili wanazungumzia vitu vilivyokuwepo kweli. Vichwa vya milima vilikuwa 34, daraja la 59, vilivyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock na kuletwa mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa vichwa vya mvuke vikubwa kuliko vyote duniani katika reli ya upana wa mita moja, na kimojawapo kiliitwa Mount Elgon. Vya makabila vilikuwa vya madaraja mengine, vyepesi zaidi. Daraja la 31 peke yake, lililoundwa Uingereza na Vulcan Foundry miaka hiyohiyo, lilikuwa na vichwa 46. Kimoja cha daraja hilo, Bavuma, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Shangazi ana kumbukumbu nzuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini sanduku nalo lina kumbukumbu yake. Ile mifuo miwili ilikuwa ya kushikilia reli ndogo. Nimeipima kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine: milimita 40. Reli ya kweli ina upana wa mita moja, yaani milimita 1,000. Kwa hiyo, kama babu alifuata upana wa reli, alifanya kazi kwa kipimo cha 1 kwa 25. Kichwa cha daraja la 59 kina urefu unaokaribia mita 32. Ukigawa kwa 25 unapata karibu sentimita 127, na sanduku lina 94. Elgon ya shangazi ingetoboa kioo na kutokeza nje kama mguu wa mgonjwa aliye mrefu kuliko kitanda. Isitoshe, vichwa vya milima vilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi, mbali na macho ya seremala wa Tororo. Kichwa cha kabila kingeingia vizuri, na nafasi ingebaki.

Nilimwonyesha shangazi hesabu hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba babu angeweza kukifupisha. Ni kweli, angeweza. Lakini mtu anayetupa mbao nzuri ya mvule kwa sababu ya weupe kidogo sidhani kama angekata zaidi ya robo ya treni ili itoshe kwenye sanduku. Angetengeneza sanduku refu zaidi. Huo ni uamuzi wangu, na shangazi hajaukubali.

Kuhusu namna kilivyopotea, wanakubaliana mwaka tu. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 na vita kuelekea mashariki, familia ilivuka kwa ndugu upande wa Kenya. Waliporudi, kioo kimoja kilikuwa kimevunjika na ndani hamna kitu. Shangazi anasema kiliibwa. Baba mdogo anasema kilikuwa kimekwisha kubunguliwa kabla hawajaondoka, na kwamba babu mwenyewe alikitupa jikoni asione aibu. Hapa ubao wa mgongoni unamsaidia baba mdogo kidogo, kwa sababu unaonyesha kwamba wadudu waliingia. Lakini hauwezi kusema waliingia mwaka gani, na kioo kilichovunjika hakivunjwi na wadudu. Naliacha hapo.

Wakati nikisoma kwa ajili ya insha hii nilikutana na Mwingereza Samuel Pepys, mtawala wa shughuli za jeshi la majini katika karne ya 17, anayejulikana zaidi kwa shajara yake. Alipenda mambo mawili yanayotuhusu: vitabu, na mifano midogo ya meli. Mwaka 1666 alimpa seremala aliyeitwa Sympson kazi ya kumtengenezea makabati ya vitabu yenye vioo. Makabati yakaongezeka hadi 12, na yote yapo mpaka leo Cambridge, katika chuo cha Magdalene, yakiwa na vitabu vyake 3,000 ndani. Mifano ya meli aliirithisha kwa rafiki yake, akimwomba atafute jinsi ya kuihifadhi kwa manufaa ya umma. Ikapotea. Nilifurahi kidogo, nakiri, kuona kwamba na wakubwa pia hubakiwa na makabati.

Karibu na kwetu mambo yamekwenda kinyume. Mtepe, jahazi la Wabajuni lililoshonwa kwa kamba za nazi na kutwekwa tanga la mkeka, lilitoweka baharini katika karne ya 20. Mifano yake midogo ikabaki, na Makumbusho ya Lamu ni mojawapo ya mahali pa kuiona. Watafiti waliotaka kujua ubao ulishonwaje kwa ubao walitegemea mifano hiyo pamoja na maandishi machache ya walioliona. Mwaka 2003 mtepe mzima ulijengwa upya Zanzibar na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Kwa hiyo aliyechonga mtepe mdogo na aliyeufunika usipate vumbi, hata bila kukusudia, waliandika kitabu cha ufundi. Ndiyo sababu simlaumu shangazi kwa kung'ang'ania. Kama treni ya babu ingebaki, leo tungeuliza maswali mengine kabisa: alijuaje idadi ya magurudumu, nani alimruhusu kupima, alijifunza wapi kusoma michoro.

Mama mwenye kibanda alilinunua sanduku hilo zamani kwa halali na hana haraka ya kuliachia. Baba mdogo alipoomba kulinunua, alimjibu, "Sawa, na mandazi nitaweka wapi?" Tulikubaliana atengenezewe jingine. Fundi wa pale barabarani ameanza kazi. Hana mvule, na anasema aliye nao anauza bei ya ng'ombe, kwa hiyo anatumia mkaratusi kwa fremu na msindano kwa mgongo. Kona anapiga misumari. Nilimwonyesha meno ya babu, akayatazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole, akasema anaweza, ila kwa siku tatu zaidi na pesa zaidi. Mama wa mandazi akasema misumari inatosha.

Shangazi anataka likirudi nyumbani liwekwe treni mpya ndani, na ameniuliza kama yule fundi anaweza kuchonga Elgon. Nimemwambia tutalisafisha kwanza. Mafuta yameingia sana kwenye mifuo.