Watu wa Riwaya Walitoka Wapi?

Sisi vijana tunaoandika tukikutana huwa tunalia kilio kimoja. Huyu atasema, "Hadithi ninayo kichwani, lakini mtu wangu hatembei. Nikimweka kwenye kiti anakaa tu kama gunia la mkaa." Yule atasema hajui hadithi yake aiweke wapi: Dar es Salaam haijui vizuri, na kijijini kwao anaona hakuna la kusimulia. Wa tatu mawazo anayo tele, ila kila akimaliza ukurasa anakuta amehutubia, hakusimulia. Mwishowe tunakubaliana kwamba wakubwa wetu walizaliwa na kipaji na sisi tumezaliwa na hamu tu. Kikao kinafungwa, kila mtu kwao.

Mimi nimeishia kidato cha nne, chuo sijakiona, na riwaya yangu imekaa kwenye madaftari matatu chini ya kitanda. Kwa hiyo nilipowarudia waliotutangulia sikuwasoma kama mtu anayetafuta maksi. Niliwasoma kama kijana anayejifunza useremala, anayekizungukazunguka kiti cha fundi mkuu kutazama msumari umepigiliwa wapi. Nilichokiona ndicho hiki ninachotaka kukueleza. Shida zetu hizi tatu, ya mtu, ya mahali na ya wazo, zina historia. Na waliopambana nazo hawakuwa malaika, jamani. Mmoja alikuwa karani, mmoja bwana afya, mmoja mzee wa kisiwani, na mmoja kijana aliyetoka tu chuoni.

Tuanzie mbali kidogo. Kusimulia kwa Kiswahili ni jambo la kale, tendi zetu ni za karne na karne. Lakini riwaya, ile hadithi ndefu ya nathari, ni mtoto wa juzi. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili na kukagua vitabu vya shule. Vingi katika vitabu hivyo vilikuwa tafsiri, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Vilikuwa vitabu vitamu, simkatazi mtu kuvisoma. Lakini shujaa wake ni nani? Ni mwindaji wa Kizungu, ni baharia wa Kizungu. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa akifungua kitabu anakuta watu wenye maisha kamili, ila hakuna anayefanana na mjomba wake.

Mwaka 1934 James Mbotela wa Freretown, Mombasa, akatoa Uhuru wa Watumwa. Mbotela alikuwa wa kizazi cha watumwa waliokombolewa. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini kwa swali letu la leo yeye ndiye aliyefungua mlango. Alionyesha kwamba mambo yaliyosimuliwa na wazee wa nyumbani yanaweza kuwa kitabu.

Sasa aje Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 akaanza ukarani wa forodha huko Pangani, akabaki mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Hebu jiweke mahali pake. Mshahara wako unatoka kwa serikali, nawe unataka kuandika habari za serikali isiyowasikiliza raia wake. Hadithi utaiweka wapi? Ukiiweka Tanga, kesho huna kazi. Yeye akaiweka angani! Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea juu, na wahakiki wengi wanaiona kuwa ni ukoloni uliofunikwa shuka.

Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri Majivuno. Anapewa siku sita za kujitetea, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, ambao kila mmoja alirudi na jambo jema akatupwa gerezani. Nilijiuliza kwa nini naiamini nchi ambayo haipo. Jibu si mawingu yake, maana Shaaban hakuhangaika kuyaeleza sana. Naiamini kwa sababu ina baraza, ina mashitaka, ina siku za kujitetea zenye hesabu, na ina gereza. Nchi ya kubuni inasimama kwa taratibu zake. Sisi tunajaza kurasa kumi kwa rangi ya jua la nchi yetu ya kufikirika, halafu hatujui nani anatawala huko na mtu akikosa anafanywa nini.

Lakini njia hiyo ina bei yake. Mtu akishaitwa Majivuno, basi, amefungwa kamba. Hawezi kuamka asubuhi moja akawa mnyenyekevu, jina litamkatalia. Ndiyo desturi ya hekaya, na Shaaban aliitaka hivyo, kwa sababu alichokuwa akikipima ni tabia. Mtu mmojammoja na siri zake hakuwa shabaha yake. Kijana wa leo anayemwita mhusika wake Tamaa halafu anategemea atushangaze ukurasa wa 90, anataka kula na kubaki nacho.

Unguja shida ilitatuliwa kwa namna nyingine. Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alifanya kazi ya bwana afya, kisha akaingia kwenye magazeti. Mwaka 1957-58 palikuwa na mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatwaa nafasi ya kwanza. Ilichapishwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi asiyevaa sare, anayevuta kiko na kufikiri.

Mara moja utasema, "Aa, huyu si Sherlock Holmes?" Ndiye, na halina ubishi. Kiko kipo, rafiki wa kuandamana naye yupo, ndiye Najum. Mifupa ni ya Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Mbona basi Bwana Msa hanuki ugeni? Nimesoma nikaona mambo mawili. Kwanza, ulimi. Bwana Msa na wenzake wanazungumza Kiswahili cha Unguja chenye utani, mzunguko na vijembe, kama watu wanaojuana barazani. Pili, swali. Maiti imekutwa kwenye mzimu, mahali watu wanapopaogopa, na Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Hilo si swali la London. Ni swali letu: jambo likitutisha, tumwachie nani kulieleza? Mwandishi aliazima chombo, akakipikia chakula cha nyumbani.

Bwana Msa alidumu. Baadaye zikaja Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Sikiliza hilo jina la mwisho: kosa! Mhusika mwenye akili kuliko wote huchosha, sababu tunajua atashinda. Miaka 24 baada ya kumzaa, baba yake akaweka kosa lake juu ya jalada. Tena jambo jingine: Mapinduzi ya 1964 yaligeuza Unguja juu chini, lakini ulimwengu wa Bwana Msa kwa jumla ulibaki ule wa kabla yake. Wapo wanaoliona hilo kama udhaifu. Mimi naona ni onyo. Ulimwengu wa hadithi ukishakubali, unaweza kumfungia ndani hata mwenye nyumba.

Wa tatu ndiye anayeniuma, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa wamisionari. Yeye hakukosa ulimwengu, aliuona unamtoka. Mila za Wakerewe, za kabla ya wageni, zilikuwa zinaondoka na wazee. Akaandika kwa Kikerewe habari za mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto, hata ndugu za mke wanamchukua binti yao na mume inabidi ahangaike kumrudisha. Alimaliza mwaka 1945. Sasa nani atachapisha kitabu kinene cha Kikerewe? Hakuna. Mzee huyo akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House. Hesabu: miaka 35. Kitereza alifariki mwaka 1981, na vitabu vilivyochapwa China vilipofika Ukerewe havikumkuta.

Kitabu hicho kina shida ambayo kila anayeandika juu ya kwao anaijua. Watu wanapotaka kunywa pombe, utaelezwa namna ya kuipika tangu ndizi. Watu wakisalimiana, utaelezwa salamu. Wapo waliosema basi hii si riwaya, ni kitabu cha mila. Lakini soma polepole. Pombe ile si pambo. Ndiyo gharama anayodaiwa mume ili mkewe arudi, na kila mtungi unaotayarishwa ni siku moja zaidi bila Bugonoka. Mila inapobeba haja ya mtu, inasomeka. Inapokaa peke yake, msomaji anaruka ukurasa. Hapo mimi nilifungua madaftari yangu nikakata ngoma ya harusi yenye kurasa saba, maana katika harusi ile hakuna mtu wangu aliyekuwa akitaka kitu chochote.

Kumbe kisiwa hichohicho cha Ukerewe kilimtoa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo mwaka 1944. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa na miaka 27. Tazama mambo yalivyogeuka. Shaaban Robert alipaa angani, Kezilahabi akakiandika kijiji chake kwa jina lake, Namagondo. Shaaban alimpa mtu jina linalomweleza. Kezilahabi akampa binti jina la Bikira Maria, waridi la fumbo, kisha akamwacha aishi maisha yanayogombana na jina hilo. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi na mkali, anawachunga binti zake kwa fimbo. Rosa akipata uhuru hajui aufanyie nini. Si mwema, si mbaya. Unamlaumu, halafu unajikuta unamtetea. Nadhani hapo ndipo mtu wa riwaya ya Kiswahili alipoanza kutusumbua hata tukishafunga kitabu.

Bei ikalipwa. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kwa kuwa kilisema wazi mambo ya wasichana, wanaume na mimba yaliyokuwa yakinong'onwa. Wala Rosa hakulimaliza suala la wasichana, maana yeye naye aliandikwa na mwanamume. Mwaka 1975 wakatokea Ndyanao Balisidya na Shida, na Martha Mvungi na Hana Hatia, wanawake wakaishika kalamu wenyewe. Kezilahabi naye hakutulia. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alivunja hata kile kijiji alichokuwa amekijenga, akaandika vitabu vyembamba ambavyo ndani yake hujui mahali ni wapi wala wakati ni upi. Alifariki mwaka 2020, na watu bado wanabishana juu ya vitabu hivyo viwili.

Basi, wenzangu, ukiwaweka hawa wanne meza moja unaona kitu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kila kitu. Shaaban alikuwa na wazo, hakuwa na ruhusa. Muhammad Said Abdulla alikuwa na ulimi, mifupa akaazima. Kitereza alikuwa na ulimwengu mzima, hakuwa na mchapaji. Kezilahabi alikuwa na ujasiri, mashuleni wakafunga mlango. Kila mmoja alianzia kwenye upungufu wake, na upungufu ule ndio uliokipa kitabu chake sura yake. Sisi tunasubiri upungufu uishe ndipo tuanze.

Shida moja wao hawakutuachia jibu lake, au mimi sijaliona. Nikiandika juu ya mtaa wangu, watu watajitambua. Jirani mmoja amekwishaniuliza kwa kicheko kisicho cha kicheko, "Eti umeniandika?" Nikimwondoa yule mwanamke, riwaya yangu inabaki gofu. Nikimwacha, namsaliti mtu aliyenipa maji ya kunywa tangu nikiwa mdogo. Kwa sasa nimemchanganya na wengine wawili, nimembadilisha kazi na idadi ya watoto. Ajabu ni kwamba tangu nifanye hivyo ameanza kutembea mwenyewe. Juzi alikataa kuolewa na mtu niliyemwandalia, ikabidi sura nzima niianze upya.

Milango ipo mingi kidogo kuliko zamani. Unaweza kuandika kwenye simu, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imetolewa tangu mwaka 2023. Lakini tuzo haitamfundisha mtu wako kutembea, na simu haitakuambia harusi ipi uikate. Kazi hiyo ni yako, usiku, na daftari lako. Ukishindwa, tuandikie hapahapa utueleze umeshindwa wapi, pengine mwenzio amekwishapita njia hiyo.