Rangi Isiyochuja: Kemia ya Pamba Katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya nguo za rangi katika Iringa na Mbeya ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuizuia rangi isichuje, kwani pamba imeundwa na selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za sukari, ambayo haishiki rangi kwa wepesi kama sufu au hariri. Mafundi wa Ufipa na wa kandokando ya Ziwa Rukwa walikuwa wakisokota na kufuma pamba yao wenyewe, lakini katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta amerikani, kitambaa kisichotiwa rangi, pamoja na kaniki iliyotiwa nili huko India, na ufumaji wa wenyeji ukadhoofika.

Nili haiyeyuki katika maji. Hubadilishwa kwanza kikemikali katika maji ya alkali ili ipenye ndani ya nyuzi, kisha hewa huirudisha katika hali yake ya awali, ikanasa humo. Kanuni hiyohiyo inaongoza batiki nyingi za Tanzania, ambazo rangi yake huchanganywa na kostiki, ambayo ni alkali, na haidro, kemikali inayoibadilisha rangi ili iyeyuke, ufundi ambao Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa likiufundisha.

Mwaka 1954 Ian Rattee na William Stephen, wanakemia wa kampuni ya ICI mjini Manchester, waligundua njia iliyo tofauti kabisa, na mwaka 1956 rangi za Procion zikaingia sokoni. Molekuli ya rangi hizi, ziitwazo rangi za mmenyuko, ina sehemu mbili: moja hubeba rangi, na nyingine, yenye atomi za klorini, huungana na selulosi. Chumvi husukuma rangi kutoka kwenye maji kuelekea kwenye nyuzi. Magadi soda nayo huiamsha selulosi, klorini ikaachia nafasi yake, na rangi ikafungamana na uzi kwa kifungo cha kovalenti, ambacho ni muungano wa atomi zinazochangia elektroni. Hapo rangi haikunaswa tu ndani ya uzi, bali imekuwa sehemu ya uzi wenyewe, na huo ndio ukuu wa ugunduzi huu.

Mwinuko wa nyanda hizi unahusika moja kwa moja na kazi hiyo. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi ya mmenyuko, hivyo hata rangi zinazofanya kazi bila kupashwa moto huhitaji muda mrefu zaidi katika beseni. Viwanda kama Mbeyatex, kilichokuwa chini ya Shirika la Nguo la Taifa, vilijengwa kwa uzalishaji mkubwa, ilhali fundi wa nyumbani hutegemea maji ya moto ya jikoni, ambayo Mbeya huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi.

Kasoro kubwa ya rangi hizi ni kwamba maji nayo huungana nazo. Rangi iliyokwisha kuungana na maji haiwezi tena kushika pamba, na isipooshwa vizuri kwa maji ya moto na sabuni, ndiyo inayochuja baadaye. Ikioshwa, huelekea mitaroni na mitoni, na kwa mji kama Iringa, ulio kando ya Ruaha Mdogo, hilo ni jambo zito. Wanakemia walijibu kwa kuunda molekuli zenye vishikio viwili badala ya kimoja, rangi inayopotea ikapungua, ingawa chumvi yote bado hubaki katika maji yanayomwagwa.