Mvinyo wa Shayiri

Katika majira ya baridi ya mwaka 401 hadi 400 K.K., askari wa Kigiriki walipita katika nyanda za juu za Armenia wakirejea kwao kutoka vitani. Xenophon, mmoja wa viongozi wao, asimulia katika kitabu chake *Anabasis* kwamba vijijini mle walikuta vyombo vilivyojaa kinywaji, punje za shayiri zikielea hadi ukingoni. Ndani yake mlikuwa na matete yasiyo na vifundo, makubwa kwa madogo. Mwenye kiu alitwaa tete akafyonza. Kilikuwa kikali mno kisipotiwa maji, bali kwa aliyekizoea kilikuwa kitamu sana.

Xenophon alikiita mvinyo wa shayiri, kwani Mgiriki alizoea mvinyo wa zabibu. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, Waingereza nao waliziita hivyo pombe zao kali zenye ladha nzito ya kimea, kama ile Namba 1 ya Bass, mjini Burton upon Trent.

Msomaji wa Uganda au Burundi hatastaajabia mirija hiyo. Wateso huizunguka malwa ya ulezi kwa mirija mirefu, na Warundi hunywa impeke ya mtama vivyo hivyo.

Xenophon alikuwa mwadilifu: alikiri kwamba utamu huja kwa mazoea. Lakini jina walilolitumia wenyeji hakutuachia. Basi sisi walimu wa lugha tusitosheke na kuandika "pombe ya kienyeji". Tuandike malwa, tuandike impeke, yasije nayo yakapotea.