Bodi Chache kwa Wakati Mmoja

Bodi ya saketi iliyochapwa ilishamiri kwa sababu ya wingi. Paul Eisler, mhandisi wa Vienna aliyehamia London mwaka 1936, alibuni namna ya kuchora njia za shaba juu ya kibao badala ya kuunganisha nyaya moja moja. Mwaka 1949, Moe Abramson na Stanislaus Danko wa Jeshi la Marekani walipenyeza miguu ya vijenzi kwenye matundu na kuchovya kibao katika lehemu iliyoyeyuka. Viungio vyote vikashika kwa mpigo. Faida hiyo ilimfikia mwenye kutengeneza redio elfu. Aliyetaka kumi aliendelea kulehemu kwa mkono.

Mwaka 1976, Steve Jobs na Steve Wozniak walikusudia kuuza bodi tupu za kompyuta ya Apple I, mnunuzi ajilehemie mwenyewe. Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop, alitaka 50 zilizokamilika, kila moja kwa dola 500. Kiwanda kililehemu bodi; chipu zilichomekwa kwenye soketi nyumbani kwa wazazi wa Jobs, Los Altos. Apple I zote zilifika takriban 200. Chipu za wakati ule zilikuwa na miguu ambayo vidole viliweza kuiongoza.

Miaka ya 1980 viwanda vilihamia vijenzi vinavyolazwa juu ya bodi bila kupita tunduni. Baadaye rezista ilifikia urefu wa milimita 1 na upana wa nusu yake, na mashine za kuvipanga zilikuwa ghali mno kwa karakana ndogo. Karakana iliokolewa na mbinu hiyohiyo ya viwandani: lehemu laini kama uji hupakwa kupitia bamba lenye matundu, vijenzi hupangwa kwa kibano, kisha bodi hupashwa moto. Lehemu ikiyeyuka, mvutano wa uso wake hukirudisha mahali pake kijenzi kilichokaa upande kidogo, neema kubwa kwa anayepanga kwa mkono. SparkFun, iliyoanzishwa Colorado mwaka 2003 na Nathan Seidle akiwa mwanafunzi, ilieneza matumizi ya kikaango cha umeme badala ya tanuri.

Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile ya bati, fedha na shaba huhitaji takriban 217, hivyo plastiki za soketi huungua upesi zaidi.

Siku hizi baadhi ya viwanda vya Shenzhen hupokea oda za bodi 5. Kilichokuwa ghali zaidi ni kuiandaa mashine, kuliko kulehemu kwenyewe. Kwa hiyo vijenzi vya kawaida huachwa mashinini daima, na mteja hutozwa maandalizi ya vile adimu tu.