Bagamoyo Isiwe Mji wa Kupita Tu



Mgeni akikodi teksi asubuhi kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70, kwa siku moja huipitia historia yetu ya miaka zaidi ya 700. Kaole ataona magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Bandari ya Kaole ilipojaa mchanga na mikoko, biashara ilihamia Bagamoyo. Hapa wapagazi kutoka Tabora na Ujiji walitua pembe za ndovu, na watumwa wakasafirishwa kwenda Zanzibar. Mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha misheni mwili wa Livingstone. Wajerumani nao waliufanya mji wetu makao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam.

Tukifunga hesabu, tunaona pembe zilipita, watu walipita, hata serikali ilipita. Leo teksi nazo huja asubuhi na kurudi jioni. Mgeni hupiga picha, hula mchana, huondoka. Tulichobaki nacho ni kuta zinazobomoka na masimulizi ya wazee wanaotutoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo mwaka huu tunachangia mambo mawili: kuwafunza vijana wetu kazi ya kuongoza wageni, na kurekodi masimulizi ya wazee. Mgeni anayesimuliwa na mwenyeji hupata sababu ya kulala. Tuchange kila mtu kwa uwezo wake; stakabadhi zitatolewa na hesabu zitasomwa mkutanoni.