Kasi Inapobadilika: Mwendo wa Mstari Mnyoofu na Ufundishaji Wake Kisiwani Unguja

Katika elimu ya fizikia, mwendo wa mstari mnyoofu ndio mlango ambao mwanafunzi wa sekondari hana budi kuupitia kabla ya kufikia nguvu, nishati na mawimbi, na kwa hiyo namna unavyofundishwa huamua kwa kiasi kikubwa iwapo somo zima litaeleweka au litakaririwa tu. Yaliyozoeleka ni kutumia vipindi vingi juu ya kasi isiyobadilika, ambayo hesabu yake ni kugawa umbali kwa muda, kisha mwendo wenye kasi inayobadilika ukapewa kanuni tatu za kuhifadhi kwa moyo pamoja na mazoezi ya kuingiza tarakimu. Makala hii inadai kwamba mpangilio huo umeweka mbele lililopaswa kuwa nyuma, kwa kuwa kiini cha somo ni kubadilika kwa kasi, na hasa ule uhusiano usiotarajiwa kati ya umbali na kipeo cha pili cha kasi, ambao mifano yake imejaa Unguja na ambao, katika barabara za kisiwa hicho, ni jambo la uhai na kifo.

Yafaa kwanza ielezwe mstari mnyoofu una maana gani kwa mwanafizikia. Sharti lake si njia kutokuwa na kona hata moja, bali ni mahali kilipo chombo kuweza kutajwa kwa namba moja, yaani umbali wake kutoka alama iliyochaguliwa, pamoja na ishara ya kuonyesha upande wa mbele au wa nyuma. Reli hulitimiza sharti hili vizuri kuliko njia nyingine yoyote, na Unguja imewahi kuwa nazo mbili. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alitandika reli ndogo kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa kwanza na nyumbu kabla ya kuletwa kichwa cha mvuke. Kisha mwaka 1905 ikaanza kazi reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani kutoka Ngome Kongwe kuelekea kaskazini kwa takriban maili 7, ambazo ni kama kilomita 11. Njia hiyo ilipinda hapa na pale, lakini maadamu treni haiwezi kuacha reli zake, kusema kwamba iko kilomita 4 kutoka Ngome Kongwe kulitosha kumjulisha msikilizaji mahali ilipo, ilimradi kinachotafutwa ni kasi yake njiani na si msukumo anaoupata abiria penye kona. Hapo hapo hujitokeza tofauti ambayo wanafunzi wengi huikosa: treni iliyokwenda Bububu na kurudi ilikata umbali wa kilomita 22, ilhali mhamo wake, yaani nafasi iliyopo kati ya mahali pa mwanzo na mahali pa mwisho ikihesabiwa pamoja na upande wake, ulikuwa sifuri. Kadhalika kasi hueleza wepesi wa mwendo bila kujali upande, na kasimwelekeo huujumuisha upande huo ndani yake.

Kati ya Dar es Salaam na bandari ya Malindi ya Unguja kuna kama kilomita 75 za bahari, na boti ziendazo kasi huzikata kwa muda wa karibu saa 2, kwa hiyo kasi yake ya wastani ni kama kilomita 37 kwa saa. Namba hiyo inamtosha abiria anayepanga safari, lakini kwa anayetaka kuujua mwendo wenyewe ni namba yenye kuficha mengi, kwani boti hutoka bandarini taratibu, huongeza kasi ikishafika mkondoni, hupunguza inapoingia Malindi, na wastani hausemi lolote juu ya hayo. Ili kuyaona hapana budi kupima wastani wa vipindi vinavyozidi kufupishwa, dakika moja, sekunde moja, sehemu ya sekunde, mpaka ipatikane kasi ya papo hapo, ambayo ndiyo inayoonyeshwa na mshale ulio mbele ya dereva. Kasi hizo zikichorwa kwenye grafu, muda ukiwa kwenye mhimili wa chini na kasi kwenye mhimili wa wima, eneo lililo chini ya mchoro huwa ndilo umbali uliokatwa. Na mwanafunzi aliyelielewa jambo hili moja hahitaji kukariri kanuni yoyote kati ya zile tatu, kwa sababu zote hutoka humo.

Badiliko la kasimwelekeo katika kila sekunde huitwa mchapuko, na hupimwa kwa mita kwa sekunde kwa kila sekunde. Wazo hili huonekana dogo likishaandikwa, lakini historia inashuhudia kwamba lilikuwa gumu mno kufikiwa. Aristotle alifundisha kwamba chombo huendelea kwenda kwa sababu kuna kinachokisukuma muda wote, na kwamba kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake, na fundisho hilo lilidumu kwa karne nyingi kwa kuwa linaafikiana na macho ya mtazamaji wa kawaida. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu waliolipinga au kulirekebisha, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza kwamba kitu kilichorushwa hubeba ndani yake mwelekeo wa kwenda, alioutaja kwa jina la mayl, na kwamba pasipo kipingamizi mwelekeo huo haungekwisha. Na Abu al-Barakat al-Baghdadi, katika karne ya 12, akaongeza kwamba kitu kinachoanguka huzidi kasi kwa sababu mayl mpya hulimbikizwa juu ya ile iliyotangulia. Urithi huu wastahili kutajwa katika madarasa ya Zanzibar, mahali ambapo elimu ya Kiislamu ina mizizi mirefu, maana mwanafunzi huambiwa mara nyingi kwamba fizikia ilianzia Ulaya. Hata hivyo ni Galileo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, aliyeunganisha hoja na kipimo: kwa kuviringisha mpira kwenye ubao ulioinamishwa, aliupunguza mwendo wa kuanguka mpaka ukapimika kwa saa ya maji, akabaini kwamba masafa yanayokatwa katika sekunde zinazofuatana yana uwiano wa 1, 3, 5 na 7, ambao jumla zake ni 1, 4, 9 na 16, yaani vipeo vya pili vya muda.

Ushahidi wa kanuni hiyo hupatikana kila jioni Forodhani, ambako vijana hujitupa baharini kutoka ukutani mbele ya watazamaji. Kwa kuwa wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, kimo cha kuruka hubadilika saa baada ya saa, na mtazamaji hupata bila gharama jaribio ambalo maabara ingelazimika kuliandaa. Mchapuko wa kuanguka kisiwani, kilichoko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, ni mita 9.78 kwa sekunde kwa kila sekunde, pungufu kidogo ya ile 9.81 iliyozoeleka vitabuni, ambayo ni kipimo cha nchi za Ulaya zilizo mbali na ikweta. Tofauti hiyo inatokana na mzunguko wa Dunia pamoja na kutuna kwake katikati, na si haki mwanafunzi wa Unguja kupewa namba ya kwingine pasipo kuelezwa. Basi kijana anayejiachia kutoka mita 1 juu ya maji huyafikia kwa kasi ya mita 4.4 kwa sekunde, na anayejiachia kutoka mita 4 huyafikia kwa mita 8.8 kwa sekunde. Kimo kimekuwa mara nne lakini kasi imeongezeka mara mbili tu.

Sababu yake husomeka kwenye grafu bila msaada wa kanuni. Kasi inayoanzia sifuri na kuongezeka sawasawa huchora pembetatu, na eneo la pembetatu ni nusu ya kasi ya mwisho ikizidishwa kwa muda. Muda nao ni kasi hiyo ikigawanywa kwa mchapuko. Kwa hiyo umbali ni kipeo cha pili cha kasi kikigawanywa kwa mara mbili ya mchapuko. Pembetatu hiyo ikigeuzwa, kasi ianzie juu na kuishia sifuri, huwa ni gari linalofunga breki, na hesabu haibadiliki hata chembe.

Hapa ndipo somo linapotoka darasani. Barabara inayotoka mjini kupitia Maruhubi na Mtoni kwenda Bububu hutumiwa kwa pamoja na daladala, bodaboda, baiskeli, mikokoteni na watoto wa skuli wanaovuka, na dereva anayeongeza kasi kidogo ili kuwahi kituo hudhani kwamba hatari nayo imeongezeka kidogo. Na achukuliwe dereva mwangalifu, ambaye sekunde moja hupita kati ya kumwona mtoto na kukanyaga breki, na gari lenye breki na matairi mazuri kwenye lami kavu, linaloweza kupunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambazo ni mita 13.9 kwa sekunde, gari hukata mita 13.9 kabla breki haijaanza kazi, kisha mita 13.8 nyingine hadi kusimama, jumla mita 27.7. Akiwa kwenye kilomita 60, mita 16.7 humalizika kabla breki haijashika, na mahali pale pale ambapo gari la kwanza lilisimama kabisa, gari hili la pili hupita likiwa bado na mita 11.1 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 40 kwa saa. Nyongeza ya kilomita 10 imezaa kasi ya kilomita 40 mbele ya mtoto. Hakuna dereva anayeweza kulikisia jambo hili kwa hisia, maana hisia hufuata uwiano wa kawaida, na breki hufuata kipeo cha pili.

Hesabu iyo hiyo huonyesha uzito wa kipigo chenyewe. Kasi ya kilomita 40 kwa saa ndiyo aifikiayo mtu aliyeanguka kutoka mita 6.3, na ile ya kilomita 50 ni ya aliyeanguka kutoka karibu mita 10, kimo cha ghorofa za juu katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Mzazi anayemkataza mwanawe kuegemea baraza ya ghorofani huielewa hatari hiyo bila kufundishwa, wala hapana sababu ya kuihesabu kuwa ndogo zaidi kwa kuwa imelazwa chini ikawa barabara. Masika nayo hubadilisha namba kwa upande wa breki: lami ikilowa na uwezo wa kupunguza kasi ukashuka hadi mita 4 kwa sekunde kwa kila sekunde, gari la kilomita 50 huhitaji mita 38 kusimama, na kila sekunde ambayo dereva anatazama simu yake huongeza karibu mita 14 zaidi.

Huenda msomaji makini akapinga kwamba mchapuko usiobadilika ni dhana rahisi mno, na kwamba vyombo halisi haviutii. Pingamizi hilo lina ukweli, na bahari ya Unguja inalithibitisha: jahazi likituliwa tanga halipungui kasi sawasawa, kwa sababu ukinzani wa maji hudhoofika kadiri mwendo unavyopungua, hivyo chombo hupoteza kasi upesi mwanzoni kisha huendelea kuteleza polepole kwa muda mrefu, jambo ambalo nahodha hulitegemea anapokisogeza gatini. Lakini mtu hawezi kuona kwamba jahazi limekiuka kanuni asiyoijua. Dhana rahisi ndiyo kipimo kinachoonyesha ni wapi na kwa kiasi gani uhalisia umeachana nayo, na kwa kuanguka kwa mita chache au kufunga breki kwa ghafla, mwachano huo ni mdogo kiasi cha kutoharibu hitimisho.

Pingamizi la pili ni la vifaa, na halina nguvu. Ubao laini wa urefu wa mita 2 wenye kingo, ncha yake moja ikiinuliwa sentimita 10, gololi moja, chaki na simu yenye kamera vinatosha. Kwa kuwa sehemu ya nishati ya gololi hutumika katika kuviringika, mchapuko unaotarajiwa ni kama mita 0.35 kwa sekunde kwa kila sekunde, hivyo itakuwa imefika sentimita 17 baada ya sekunde ya kwanza, 70 baada ya ya pili na 157 baada ya ya tatu, na mwanafunzi atakayezitoa namba hizo moja kutoka kwa nyingine atauona uwiano wa 1, 3 na 5 wa Galileo kwa macho yake, ukiwa na hitilafu ndogo ambazo nazo ni sehemu ya somo.

Kwa hiyo walimu wa fizikia wa Unguja na Pemba wanaombwa waugeuze mpangilio: gololi na ubao vitangulie, grafu ifuate, kanuni zije mwisho, na zoezi la kwanza la mada liwe hesabu ya umbali wa kusimamisha gari kwa kilomita 50 na kwa kilomita 60 kwa saa, lifanywe na kila mwanafunzi kabla hajafikia umri wa kupewa leseni.